Bunduki mpya, maganda ya chungwa yale yale

Shikamoo Mzee wa Karakana,

Mimi ni fundi wa samani hapa Keko, Dar es Salaam. Kazi nilifundishwa na mjomba, na kwa miaka sita nimepaka kila kitu kwa brashi na pamba. Mwaka jana nikaona wenzangu karibu wote wanapuliza laka kwa bunduki ya upepo na wateja wanawafuata huko huko. Nikajibana, nikanunua kompresa ya lita 50 yenye mota ya HP 2. Bunduki nilichukua ya kikombe cha juu, imeandikwa HVLP, nozeli ya milimita 1.4. Muuzaji alinihakikishia kuwa hiyo ndiyo inayotoa kazi laini kama kioo.

Mzee, kioo sijakiona. Nikianza mlango wa kwanza wa kabati, laka inalala vizuri. Nikifika katikati ya mlango wa pili inaanza kukaa vipele vipele, ile tunaita maganda ya chungwa. Nimeongeza tina ya kulainishia mpaka laka ikawa kama maji, sasa badala ya vipele inashuka machozi. Nimepandisha regulata ya presha hadi 60 psi, vumbi la laka limejaa banda zima na vipele bado vipo.

Kuna na mengine. Nikijaribu ukutani, alama inayotoka si yai lililonyooka, imepinda upande mmoja kama mwezi mwandamo. Mara nyingine bunduki inatema mate, hasa nikiiinamisha kupulizia chini ya rafu. Naisafisha kila jioni, nazibua vitundu kwa waya wa brashi ya chuma, na usiku naiacha imezama kwenye ndoo ya tina. Mwezi wa nne mvua zilipokolea nilipuliza meza asubuhi na mapema, ikafunga ukungu mweupe kama imemwagiwa unga. Na kabati moja la zamani nililopewa kukarabati lilitoka vidoti vya mviringo, laka inakimbia inaacha mbao wazi.

Mjomba anasema mkono wangu mzito. Shemeji anasema bunduki ni feki, ninunue nyingine ya maana. Sasa nina kabati la milango minne la binti anayeolewa, mama yake anakuja kuliangalia wiki ijayo, na milango miwili imejaa vipele. Ninunue bunduki nyingine au nirudi kwenye brashi?

Nisisahau: mpira wa upepo ninaotumia ni ule mwembamba wa kujazia matairi, mita 15. Kompresa naiweka mbali kwa sababu ya kelele, naivutia umeme kwa ekstensheni. Usoni najifunga kitambaa.

Mwanao,
Fundi wa Keko

*

Marahaba mwanangu.

Mpira wa matairi umeuweka mwisho kabisa, baada ya "nisisahau". Ungeuweka mwanzo, barua yako ingekuwa na mistari mitatu tu.

Lakini hebu tuanze na mlango wa kwanza. Mkono mzito ni mzito tangu mlango wa kwanza. Bunduki feki ni feki tangu mlango wa kwanza. Wewe mlango wa kwanza unatoka vizuri, wa pili unaharibika katikati, kwa hiyo kuna kitu kinabadilika kati ya mlango na mlango. Laka ni ile ile, nozeli ni ile ile, mkono ni ule ule. Kinachobadilika ni upepo uliobaki kwenye tangi.

Herufi za HVLP maana yake ni upepo mwingi kwa presha ndogo. Watu husikia "presha ndogo" wakadhani bunduki hiyo haili sana. Inakula! Nyingi za aina hiyo zinataka kati ya futi za ujazo 8 na 14 za upepo kila dakika. Kompresa ndogo za HP 2 kwa kawaida hutoa kama 5 au 6. Tuchukue bunduki yako inataka 10, ambayo ni karibu lita 280 kwa dakika, na kompresa inaleta lita 150. Kila dakika una deni la lita 130. Tangi la lita 50 likijaa hadi presha ya bar 8, ukalitumia mpaka bar 3, limekupa lita 250 tu za kulipia deni hilo. Hapo una dakika mbili hivi. Pima kwa saa muda unaotumia mlango wa kwanza na nusu ya wa pili, uone kama hatukutani hapo hapo.

Upepo ukipungua, laka haivunjwi tena kuwa ukungu. Inatoka matone makubwa, yanatua juu ya mbao na kuanza kukauka kabla hayajaungana na majirani zake. Hayo ndiyo maganda ya chungwa. Ulipoongeza tina ulilainisha matone, ndiyo, lakini laka nyepesi mno haishiki mlango uliosimama, ndipo machozi. Ulipopandisha regulata ulilimaliza tangi mapema zaidi, na laka nyingi ikarudi hewani badala ya kutua. Kila dawa uliyojaribu ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Sasa ongeza mpira. Ule wa matairi una tundu la milimita 6 hivi, na mita 15 zake zinakula 10 psi au zaidi sana njiani kabla upepo haujafika kwako. Halafu 60 unayoisoma ni ya bunduki iliyolala. Funga geji ndogo kwenye mpini wa bunduki, vuta triga mpaka mwisho bila laka ndani, ndipo usome. Nadhani utashtuka. Bunduki nyingi za HVLP zinataka 25 hadi 30 psi pale upepo unapoingia kwenye mpini, triga ikiwa imevutwa. Yako huenda imechapwa namba yake kwenye mpini, fuata hiyo. Mbele kwenye kofia ya upepo, ile yenye vitundu inayozunguka nozeli, presha haivuki 10 psi. Ukitaka zaidi ya hapo unaigeuza kuwa bunduki ya aina nyingine.

Na ekstensheni! Waya mrefu mwembamba unaipunguzia mota umeme, inazunguka kwa kujivuta, inapata moto, na upepo unazidi kuwa haba. Kama lazima kimoja kirefuke, kirefushe mpira wa upepo, uwe mnene, waya wa umeme uwe mfupi. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa sababu ekstensheni ipo tayari nyumbani.

Kwa hiyo hela ya shemeji usiitumie kwa bunduki. Nunua mpira wa tundu la milimita 10, na viunganishi vyenye tundu pana, maana kiunganishi chembamba kinarudisha ugonjwa ule ule. Kisha fanya kazi kwa kadiri ya tangi: mlango mmoja, simama, subiri kompresa ijae na izime yenyewe, mlango wa pili. Bana kidogo upana wa mpulizo. Siku ukipata nafasi, ama upate kompresa kubwa, ama utafute bunduki ndogo zile zinazoandikwa LVLP, yaani upepo kidogo kwa presha ndogo, ambazo nyingi zinatosheka na futi 4 hadi 6. Kuongeza tangi la pili kunakupa dakika chache zaidi, si upepo zaidi. Ukiongeza, liwe tangi la kompresa la kweli. Usije ukaunga mtungi wa gesi uliotupwa. Nimeona mtu anajaribu, nikahama banda siku hiyo hiyo.

Twende kwenye mwezi mwandamo. Hapa kuna jaribio ambalo mafundi wa zamani wanaliheshimu. Puliza kwenye katoni, tazama mwezi umepindia upande gani. Legeza kofia ya upepo, izungushe nusu duara, kaza, puliza tena. Mwezi ukigeuka ukatazama upande wa pili, ugonjwa uko kwenye kofia, pengine kitundu kimoja cha pembeni kimeziba au kimeharibika. Ukibaki pale pale, ugonjwa uko kwenye nozeli au sindano ile ya ndani inayoifunga na kuifungua. Hapo hutapoteza wiki ukisafisha kitu kilicho kizima.

Naogopa kwako itakuwa kofia, kwa sababu ya huo waya wa brashi ya chuma. Vile vitundu vimetobolewa kwa kipimo, na chuma cha kofia ni laini kuliko waya wako. Ukivikuna jioni mia moja, kimoja kinapanuka kuliko mwenzake na upepo wa upande huo unausukuma mpulizo. Kuanzia leo tumia kijiti cha meno na brashi laini, vitundu vilowekwe kwanza vilainike. Kama kofia imeshapanuka, nunua seti nzima, kofia, nozeli na sindano, maana vinaendana. Seti ni nafuu kuliko bunduki.

Kuilaza bunduki nzima kwenye ndoo ya tina, hapana. Tina inakausha na kuvimbisha mipira ya ndani, inaosha mafuta, na uchafu wote wa ndoo unaingia kwenye njia za upepo. Mwaga laka, tia tina kidogo, puliza mpaka itoke safi, fungua kofia na nozeli, hivyo viwili ndivyo viloweke. Sehemu nyingine zifute kwa kitambaa. Tone la mafuta ya bunduki kwenye sindano, yale yasiyo na silikoni, basi.

Kutema mate unapoinamisha, angalia kifuniko cha kikombe. Kina kitundu cha kuingizia hewa. Ukiinamisha, laka inaingia humo inakauka, hewa haipiti, laka inashuka kwa kukatakata. Kama kitundu ni safi, kaza nozeli. Ukiona mapovu yanapanda ndani ya kikombe wakati unapuliza, hiyo ni nozeli au kofia iliyolegea, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ule ukungu wa mwezi wa nne si kosa lako hata kidogo, ni Dar es Salaam. Laka ya nitro inakauka kwa tina kuruka hewani, na tina ikiruka haraka inaupoza uso wa mbao. Masika, asubuhi, hewa imejaa maji, unyevu huo unageuka matone kwenye uso huo baridi na kunaswa ndani ya laka. Mweupe unaouona ni maji. Subiri saa tano, saa sita, jua likitoka. Tumia tina inayokauka polepole. Dukani waulize ile ya kuchelewesha, na usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Meza ambayo imeshakuwa nyeupe mara nyingi inapona: siku kavu, ipulizie ukungu mwembamba wa tina hiyo ya polepole, laka inalainika tena na maji yanatoka. Hiyo ni kwa laka ya nitro tu. Laka za kuchanganya na kigumishi haziponi hivyo.

Usichanganye ukungu huo na maji ya kompresa. Maji ya kompresa yanakuja kama matone na malengelenge. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni, utashangaa linavyokojoa. Na chujio la maji lisikae kwenye kompresa yenyewe ambako upepo bado ni wa moto na maji bado ni mvuke. Liweke mita kadhaa mbele, upepo ukiwa umepoa.

Vidoti vya kabati la zamani ni silikoni ya dawa za kung'arishia samani. Mwenye nyumba alipulizia miaka kumi ili ling'ae mbele ya wageni, wewe umekuja kulipa. Osha kwa dawa ya kutoa mafuta kabla ya kupiga msasa, vitambaa vibadilishwe mara kwa mara. Ukianza na msasa unaisukuma ndani. Likikaidi, ziba kwanza kwa shelaki, ile vanishi ya spiriti.

Uzito wa laka nao tuumalize. Usiniulize tina kiasi gani kwa lita, kila kopo lina tabia yake na joto la siku lina lake. Tafuta kikombe cha kupimia chenye tundu la milimita 4, kijaze, hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Sekunde 18 hadi 22 ni pazuri pa kuanzia kwa nozeli yako. Ukikosa kikombe, toboa kopo dogo, na siku kazi ikitoka nzuri andika sekunde zake. Chuja kila mara, soksi ndefu ya kike inafaa kabisa. Shemeji wa kike asijue ilikotoka.

Mjomba wako naye nisimnyime haki yake. Anayetoka kwenye brashi huwa anapuliza kama anayepepea jiko, kiwiko kimesimama, kiganja kinazunguka. Katikati laka nyingi, kando vumbi. Mkono wote usafiri sambamba na mlango. Umbali uwe kati ya morita na shubiri: gumba hadi kidole cha shahada, ukizidi usivuke gumba hadi kidole cha mwisho. Triga uivute kabla hujaufikia mlango na uiachie ukishaupita, na kila mstari uufunike ule wa juu kwa nusu. Ukiangalia kwa pembeni dhidi ya mwanga, laka iliyotua vizuri inaonekana imelowa. Ikionekana kavu pale pale inapotua, uko mbali mno au unakimbia.

Kitambaa cha usoni kitupe. Kinazuia vumbi kubwa, mvuke wa tina unapita kama hakipo. Nunua barakoa yenye vikopo vya mkaa maalumu wa kunasa mvuke, na laka za kigumishi usiziguse kabisa kabla hujawa nayo, na hata hapo upulizie penye hewa nyingi. Na kama mama lishe ana jiko la mkaa karibu na banda lako, mwambie kwa adabu ahame upande wa pili wa upepo, au uhame wewe. Mvuke wa tina ni mzito, unatambaa chini mpaka unakuta moto.

Milango miwili ya binti: iache ikauke kabisa, siku mbili si nyingi. Piga msasa namba 400 ukiuviringisha kwenye kipande cha mbao bapa, usitumie vidole, mpaka vipele vyote viwe vimekatwa na uso uwe na weupe mmoja. Vumbi lifute. Kisha tabaka moja jembamba la laka, usubiri, tabaka la pili lililolowa. Ipulizie ikiwa imelala mezani badala ya kusimama, machozi hayatakuwa na pa kushukia. Anza na upande wa ndani wa mlango. Ukikosea hapo, mama wa binti hatauona mpaka aje kupanga nguo.

Kabla ya yote hayo, puliza katoni. Ikishatoka alama ya yai lililonyooka, andika juu yake psi, sekunde za kikombe na saa uliyopuliza, uitundike karibu na kompresa.

Mzee wa Karakana